Tairi za theluji zimefikaje Qurus?

Wadau, leo naomba tuinamishe vichwa kidogo. Sio kwa sala, ni kwa ajili ya kusoma ubavu wa tairi.

Ukipita Karatu mjini, au ukiingia kata ya Qurus pale jirani, hukosi kukuta gari ya kijana imepaki mahali. Altezza, Impreza, Mark II. Imeoshwa vizuri, imeshushwa chini, rimu za spoti zinang'aa mpaka unajiona uso. Sasa usiangalie rimu. Chuchumaa, futa vumbi ubavuni mwa tairi, soma maandishi. Kwenye gari zilizotoka Japani siku za karibuni, mara nyingine utakutana na neno STUDLESS kwa herufi kubwa. Nyingine zina herufi M+S, na pembeni yake kichoro cha mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji katikati.

Hiyo ni tairi ya barafu. Iliundwa kwa ajili ya dereva wa Hokkaido anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi barabara ikiwa imeganda kama kioo. Leo inakanyaga udongo mwekundu wa Qurus, nyuzi chache tu kusini mwa ikweta, halafu Ijumaa inashuka Mto wa Mbu kuelekea Arusha kwa spidi ambayo sitaitaja hapa.

Imefikaje? Na je, inatufaa? Wengi hujibu swali la pili kwa haraka: "Theluji ipo wapi Karatu bwana, toa hizo." Wengine hujibu kwa haraka vilevile upande wa pili: "Hizo tairi ni za Mjapani, mpira laini, zinashika kuliko zote." Wote wawili wamekosea, na historia inaonyesha wamekosea wapi.

Tuanzie mbali, Finland, mwaka 1934. Wakati huo gari zilikuwa zinatembea na tairi za aina moja mwaka mzima. Theluji ikianguka, dereva alifunga minyororo au alilaza gari mpaka majira ya baridi yaishe. Kiwanda kimoja cha mpira, Suomen Gummitehdas, kilichokuwa mji wa Nokia, kikatengeneza tairi ya malori iliyoitwa Kelirengas, yaani tairi ya hali ya hewa. Ilikuwa na meno makubwa yaliyokatwa kwa kukingama, ili yachimbe ndani ya theluji na kulivuta lori mbele. Miaka 2 baadaye, 1936, wakatoa ya gari ndogo na kuipa jina la Hakkapeliitta, jina la wapanda farasi wa kivita wa Kifini wa karne ya 17. Jina hilo lipo sokoni mpaka leo.

Na ndiyo, ni Nokia hiyo hiyo. Kiwanda cha mpira, cha nyaya na cha karatasi viliunganishwa 1967 kuwa kampuni moja, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kututengenezea Nokia ya tochi. Upande wa tairi ulijitenga 1988. Kwa hiyo mbongo aliyekuwa anamulika shimo la barabara kwa simu yake miaka ile, alikuwa na undugu wa mbali na tairi ya theluji bila kujua.

Cha kuzingatia katika habari hii ni yale meno. Mfini hakuwa anatafuta uzuri wala spidi. Aliangalia kitu kilichopo chini ya gari lake, kitu laini kinachoteleza na kinachojaa kwenye mifereji ya tairi, akatengeneza mpira wa kupambana nacho. Sasa mtu wa Karatu akisikia maelezo hayo, kitu laini, kinateleza, kinajaa kwenye mifereji, hatafikiria theluji hata kidogo. Atafikiria mwezi wa nne.

Wazungu wenyewe waliliona hilo. Zile herufi M+S maana yake ni matope na theluji. Zimeandikwa pamoja kwa sababu meno yanayotoa gari kwenye theluji laini ndiyo hayo hayo yanayolitoa kwenye tope. Timu za mbio za magari za Ulaya miaka ya 1960 zilizoea kufunga tairi za M+S, Dunlop SP44 kwa mfano, kwenye barabara za udongo na changarawe hata pasipokuwa na theluji yoyote.

Na hapo ndipo habari inaingia nyumbani.

Mwaka 1953, kuanzia Mei 27 mpaka Juni 1, yalifanyika mashindano ya magari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Yaliitwa Coronation Safari na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Baadaye yakazoea kufanyika Pasaka, na kila mkulima wa ukanda huu anajua Pasaka ni nini: ni masika. Waandaaji walitaka mvua. Mvua ndiyo ilikuwa mtihani wenyewe.

Njia za Mbulu na mteremko wa Magara zilikuwa kati ya zile madereva walizoziogopa. Na tusisahau kwamba Karatu, pamoja na Qurus yake, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo tope lililokuwa linawaliza madereva wa dunia ni ndugu wa hili linalotuliza sisi tukienda msibani.

Liliwaliza kweli. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7. Wenyewe wakapewa jina la Saba Wasiozama, na mmoja wao, Nick Nowicki, alikuwemo kwenye saba za miaka yote miwili, na miaka yote miwili alishinda akiwa na Peugeot 404.

Angalia orodha ya gari zilizoshinda miaka hiyo ya mwanzo. Volkswagen ya mgongo wa kobe, 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404, 1963 na tena 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Volvo PV544 ya Joginder Singh, 1965. Hakuna gari hata moja hapo ambayo kijana wa leo angeiita kali. Ni gari zenye miguu mirefu na tairi nyembamba.

Wembamba huo una maana. Tope la udongo wa mfinyanzi kama wa kwetu lina tabaka laini juu, na chini yake udongo mgumu. Tairi nyembamba inakata lile tabaka la juu na kufika kwenye ugumu, inapata pa kushika. Tairi pana inabaki inaelea juu ya uji. Kwenye mchanga wa pwani ni kinyume, pale upana unasaidia ili gari lisizame. Ndiyo maana ushauri wa mshkaji wako wa Bagamoyo unaweza kuwa sahihi kwake na ukakuweka mtaroni wewe wa Qurus.

Waskandinavia walilijua hili kutoka kwao kwa sababu theluji nayo ina tabia hiyo. Lakini kujua hakukutosha. Mwaka 1964 Msweden Erik Carlsson, akiwa na msoma ramani wake Gunnar Palm ndani ya Saab 96, walikwama kwenye tope. Tairi zimekwisha nguvu, kusukuma wapi. Wakaamua kulibiringisha gari kwa ubavu, likapinduka mpaka likasimama tena kwa miguu mahali pakavu, wakaondoka. Waandishi wa habari walipobisha, Carlsson alilipindua tena mbele yao waone. Alimaliza wa pili.

Kwa miaka 19 ushindi wa jumla ulibaki kwa madereva wanaoishi Afrika Mashariki. Wageni walikuja na pesa, magari mapya na mafundi wengi, wakaondoka mikono mitupu. Aliyevunja mwiko ni Hannu Mikkola, 1972, kwa Ford Escort. Mikkola alikuwa Mfini, mtoto wa nchi ile ile ya Kelirengas. Na aliyekaa pembeni yake kusoma ramani alikuwa Gunnar Palm, yule yule aliyebiringishwa topeni miaka 8 kabla.

Sasa tuje kwenye gari za spoti zenyewe, maana najua kuna mtu anasema mbona unatuletea Peugeot za babu.

Datsun 240Z ilikuwa gari ya spoti hasa: milango 2, pua ndefu, injini ya silinda 6. Ilishinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa imelazimika kuondoka huko mwaka mmoja kabla, enzi za Idi Amin. Mehta aliendelea hadi kufikisha ushindi mara 5. Unajua 240Z ilitoka kiwandani na tairi gani? Rimu ya inchi 14, tairi yenye upana wa milimita 175. Leo kijana akiuziwa Altezza yenye tairi ya 175 ataona ametukanwa.

Porsche nao walijaribu. Mwaka 1978 walileta 911 SC mbili zilizoandaliwa kiwandani. Jambo la kwanza walilofanya ni kuziinua mpaka tumbo likawa takriban sentimeta 28 kutoka chini, wakati vijana wetu wanalipa fundi ili gari ishuke. Vic Preston mdogo akawa wa pili, Björn Waldegård wa nne. Ushindi wa jumla wa Safari Porsche ya kiwandani haikuwahi kuupata, lakini gari zile zilimaliza, na kumaliza Safari lilikuwa jambo.

Na mpaka leo kanuni haijabadilika. Gari la mashindano ya dunia likikimbia kwenye lami linavaa rimu ya inchi 18 na tairi pana yenye ubavu mfupi. Likikimbia kwenye udongo, Naivasha kwa mfano, linavaa inchi 15 na ubavu mrefu. Likienda Sweden kwenye theluji, inchi 15 tena. Gari lile lile, injini ile ile. Kinachoamua tairi ni barabara.

Bado hatujajibu: ya Hokkaido imefikaje Qurus?

Kuanzia miaka ya 1960 nchi za baridi zilipenda tairi zenye misumari midogo ya chuma iliyopachikwa kwenye meno. Kwenye barafu ni dawa. Tatizo ni kwamba barafu ikiisha, misumari inasaga lami. Miji ya kaskazini mwa Japani ikawa inafunikwa na vumbi la lami kila theluji inapoyeyuka, watu wanaumwa vifua. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuzuia vumbi hilo na misumari ikapigwa marufuku hatua kwa hatua. Viwanda vilikuwa vimeshaanza kutafuta njia nyingine. Bridgestone walitoa Blizzak mwaka 1988, tairi isiyo na misumari, yenye mpira laini mno uliojaa vitundu vidogo vya kunyonya maji membamba yanayokaa juu ya barafu. Neno STUDLESS linatokana na hapo: haina misumari.

Mjapani wa kaskazini kwa hiyo ana seti 2 za tairi na rimu zake. Moja ya kiangazi, moja ya baridi. Mpira wa baridi ukizeeka baada ya misimu michache unakakamaa na haufai tena kwenye barafu. Gari ikiuzwa mnadani wakati wa baridi, inaondoka na tairi za baridi, mara nyingi zilizochoka. Inapanda meli, inashuka Dar, inalipiwa ushuru, inapanda mpaka Karatu. Ndivyo zilivyofika. Hakuna aliyezichagua. Zilikuja na gari kama karatasi za Kijapani tunazozikuta kwenye droo ya dashibodi.

Na zinapofika zinakuta lami, ambayo nayo ni ya Mjapani. Barabara ya Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, kilomita 77 hivi, ilijengwa kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Kabla ya hapo safari ya Karatu ilikuwa vumbi au tope, kutegemea mwezi. Lami hiyo ndiyo iliyoleta gari za spoti Karatu. Nani angeleta Altezza kwenye njia ile ya zamani?

Lakini lami ni uti wa mgongo tu. Ukiiacha na kuingia ndani ya Qurus umerudi kwenye enzi za Safari. Kwa hiyo kijana mwenye gari ya spoti hapa anaishi kwenye nchi mbili kwa siku moja: asubuhi tope, mchana lami ya moto.

Tairi ya STUDLESS inashindwa wapi? Inashindwa kwenye hiyo lami ya moto. Mpira wake umetengenezwa kufanya kazi kwenye baridi, chini ya nyuzi joto 7 hivi. Mchana wa Karatu hauko huko hata mwezi wa saba, achilia mbali Mto wa Mbu kule bondeni. Mpira ukipata joto unakuwa kama ubani uliotafunwa: meno yanayumba, breki inachukua umbali mrefu, kona inakuwa ya kubahatisha, na tairi inalika haraka. Nyingi zina herufi Q mwishoni mwa namba za ukubwa, maana yake mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa, na hiyo ni ikiwa mpya. Kwenye tope meno yake yanasaidia kidogo, lakini vimikato vyake ni vyembamba vya kunyonya maji ya barafu. Udongo wetu unaviziba ndani ya mita chache.

Anayesema toa yupo sahihi basi? Nusu. Kwa sababu anachoweka badala yake kwa kawaida ni tairi pana ya lami yenye ubavu mwembamba, 215/45 kwenye rimu ya 17, ambayo ndiyo Altezza ya spoti ilitoka nayo kiwandani. Kwenye lami kavu ni tamu. Mwezi wa nne ndani ya Qurus inajaa udongo, inakuwa duara la tope linalozunguka bure. Na ikiingia shimoni, ubavu mfupi hauna cha kumeza kishindo: rimu ya bei mbaya inapinda au kupasuka.

Kilichokuja kutoka Hokkaido chenye faida kwetu sio mpira. Ni ile tabia ya seti 2. Majira yetu ya baridi ni masika. Mwenye uwezo wa kununua rimu za kung'aa ana uwezo wa kununua rimu 4 za chuma za kawaida na kuzivalisha tairi za masika. Hesabu ya ukubwa sio ngumu. 215/45 R17 ina kimo cha milimita 625 hivi. 205/55 R16 ina 632. Tofauti ni kama asilimia 1, kwa hiyo mshale wa spidi haudanganyi na tairi haigusi bodi, lakini umepunguza upana na umeongeza ubavu wa kumeza mashimo. Tafuta yenye M+S na meno yaliyoachana, ile ya kashata kiasi, ambayo mpira wake ni wa majira yote, sio wa barafu. Upana ukiweza kushuka zaidi, shusha. Kumbuka 240Z.

Kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. Kwanza nati. Altezza ina nati 5 kwenye duara la milimita 114.3, wakati Impreza nyingi za zamani ni 5 kwenye duara la 100. Kwa macho zinafanana, kwenye gari hazifanani. Pili breki. STI yenye breki kubwa za Brembo kwa kawaida haikubali rimu ndogo kuliko 17, hivyo mwenye nayo abaki na 17 na atafute tairi nyembamba na yenye ubavu mrefu kadiri gari litakavyoruhusu.

Na kila tairi, mpya au ya mtumba, isomwe umri. Mwishoni mwa maandishi ya DOT kuna tarakimu 4. 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuambia ni mpya, mwonyeshe kidole hapo.

Kwa nini nimeandika kirefu hivi kuhusu mpira? Kwa sababu barabara hii tunaijua. Mei 6, 2017, siku ya mvua, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni pale Rhotia. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walifariki. Sisemi tairi ndiyo ilikuwa chanzo, na wala si kazi ya makala hii kusema. Nasema tu kwamba tangu siku ile hakuna mtu wa Karatu anayeweza kudai hajui mvua, mteremko na lami vikikutana vinaweza kufanya nini. Katika vitu hivyo vitatu hakuna hata kimoja dereva anachokichagua. Tairi anaichagua.

Mfini wa 1934 alichagua kwa kuangalia chini. Shankland na Mehta walichagua kwa kuangalia chini. Sisi tunachagua kwa kuangalia gari ya jirani, au hatuchagui kabisa, tunaendesha kile ambacho Mjapani alikuwa anakitupa.

Masika yanakuja kila mwaka. Chuchumaa usome.

Naomba kuwasilisha.